Si Kila Tofauti ni Dhuluma: Tuutaje Ukosefu wa Usawa kwa Jina Lake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Katika safu yetu ya lugha toleo hili tunaitazama familia moja ya maneno ambayo wanafunzi huyatumia mara kwa mara, aghalabu kwa hasira, na aghalabu moja mahali pa jingine: tofauti, pengo, ukosefu wa usawa, upendeleo, ubaguzi, uonevu, dhuluma, unyonyaji na ukandamizaji.

Nimelichagua somo hili kwa sababu ya kisa kilichotutokea wenyewe. Katika mkutano wa kufunga muhula, dada mmoja wa mwaka wa pili alisimama akasema kwamba ndani ya jumuiya yetu dada wanafanyiwa dhuluma. Kabla hajaketi, dada mwingine akaongeza: "Ni ubaguzi." Amiri wetu, ambaye namjua kuwa mtu mwema, akajibu: "Hiyo si dhuluma wala si ubaguzi. Ni tofauti tu." Basi tukabishana karibu saa nzima kama neno dhuluma lafaa kutamkwa kuhusu ndugu Waislamu. Adhana ya Magharibi ikatukuta papo hapo. Hakuna aliyewauliza wale dada walikuwa wakilalamikia nini hasa.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika kumbukumbu za mkutano. Usiku nilipozisoma, nikakuta nimeandika neno dhuluma mara 11, na sikuwa nimeandika hata tendo moja. Kesho yake niliwaendea wale dada nikawaomba waniorodheshee mambo yenyewe. Wakanipa mambo matano. Nitayarudia mwishoni mwa somo, tukishajua kila neno linabeba mzigo gani.

Sisi tulioko Uganda tuna sababu ya ziada ya kujifunza haya. Katiba yetu iliporekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili. Wengi wetu tumekipata darasani au sokoni, si kwa mama. Na katika jumuiya yetu, Mganda, Mrundi, Mnyarwanda, Mkongo na Mtanzania wote wanakutana katika Kiswahili. Neno likimponyoka mmoja, mwingine analisikia kwa masikio ya kwao.

1. Tofauti na hitilafu

Tuanze na neno lililo jepesi kuliko yote. Tofauti husema tu kwamba hiki si kama kile. Halimlaumu mtu. "Kuna tofauti kati ya bweni letu na lenu" ni maelezo, na aliyesikia anaweza kuuliza: "Tofauti gani?" bila kuudhika.

Lakini neno hili lina historia ambayo mwanafunzi wa Kiislamu ataifurahia. Limetoka katika Kiarabu, tafawut. Katika Suratul Mulk, aya ya 3, tumeambiwa kwamba katika uumbaji wa Mwingi wa Rehema hatutaona tafawut, na wafasiri wanalieleza neno hilo kuwa ni kasoro au kutooana. Ndugu yake ni hitilafu, kutoka ikhtilaf. Katika Suratur Rum, aya ya 22, ikhtilaf ya ndimi zetu na rangi zetu imetajwa miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Sasa tazama Kiswahili kilivyofanya. Tofauti ndilo limekuwa neno la amani, na hitilafu ndilo limekuwa neno la kasoro: hitilafu ya umeme, hitilafu katika hesabu. Ni kama maneno mawili yaliyobadilishana nyumba njiani. Kwa hiyo anayesoma tafsiri ya Qur'ani na anayesoma gazeti wasidhani kila mara wanakutana na neno lile lile.

Angalia pia kijineno tu. Amiri hakusema "ni tofauti". Alisema "ni tofauti tu". Neno tofauti lingemruhusu dada aendelee kueleza. Hilo tu ndilo lililofunga mlango.

2. Pengo, kutolingana na ukosefu wa usawa

Pengo kwanza ni nafasi iliyoachwa na jino. Kutoka hapo tukapata pengo kati ya tajiri na maskini, pengo kati ya mjini na kijijini. Pengo hupimwa. Lina upande huu na upande ule, na linaweza kupanuka, kupungua au kuzibwa. Halisemi nani aling'oa jino.

Kutolingana huhitaji vitu viwili vinavyopaswa kwenda pamoja. "Mshahara wake haulingani na kazi yake." Hapo hatumlinganishi na mtu mwingine, tunalinganisha anachotoa na anachopata. Neno hili ni zuri kwa anayetaka kulalamika kwa upole, kwa kuwa lina hesabu ndani yake kuliko hasira.

Ukosefu wa usawa ni neno la ripoti na mihadhara. Lengo la 10 la Malengo ya Maendeleo Endelevu, yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, linahusu kupunguza ukosefu wa usawa ndani ya nchi na baina ya nchi. Watu husema ni neno baridi, lisilomgusa mtu. Mimi naona si baridi hivyo. Fikiri ni vitu gani tunavisemea ukosefu: ukosefu wa maji, ukosefu wa chakula, ukosefu wa ajira. Hakuna asemaye ukosefu wa malaria. Tunasema ukosefu wa kitu kilichopaswa kuwepo. Kwa hiyo anayesema ukosefu wa usawa amekwisha kuhukumu kwamba usawa ulitakiwa. Alichokiacha ni jina la mwenye kosa, na huenda hakuna mtu mmoja mwenye kosa.

3. Upendeleo

Kutoka penda tunapata pendelea, na kutoka pendelea tunapata upendeleo. Ni mapenzi yaliyoelekezwa kwa mmoja mahali ambapo wengi walistahili kuangaliwa. Upendeleo humtaja aliyepata. Ubaguzi humtaja aliyekosa. Tendo moja linaweza kuitwa kwa majina yote mawili, kutegemea msemaji amesimama upande gani.

Mfano wa karibu ni alama 1.5. Mwaka 1990 vyuo vikuu vya umma hapa Uganda vilianza kuwaongezea wasichana alama hizo katika udahili, kwa sababu walioingia chuoni walikuwa wachache sana. Wanaouunga mkono mpango huo husema ni upendeleo maalumu wa kuziba pengo. Wanaoupinga husema ni ubaguzi dhidi ya wavulana. Wote wanakubaliana kuhusu namba yenyewe. Wanachobishania ni kama kulikuwa na pengo la kuzibwa, na kama limeshazibwa. Ukiliona hilo, utajua pia kwamba upendeleo si lazima uwe dhambi. Kumpendelea mgonjwa kwa kiti cha mbele hakuna ubaya. Unapotumia neno hili kulaumu, taja sababu ya upendeleo: udugu, urafiki, kabila, au kitu kidogo kilichopita chini ya meza.

4. Ubaguzi

Kubagua ni kutenga na kuweka kando kwa kufuata alama fulani. Ndiyo maana watu husema kifo hakibagui: hakiangalii alama. Ili tendo liitwe ubaguzi, lazima tuweze kuonyesha alama iliyotumika: rangi, kabila, dini, jinsia, ulemavu, nchi ya mtu.

Eneo letu linalijua neno hili vizuri mno. Nchini Rwanda, tangu miaka ya 1930, utawala wa Kibelgiji ulitoa vitambulisho vilivyoandikwa kabila la mtu, na mwaka 1994 vitambulisho hivyo vilitumika vizuizini kuamua nani aishi na nani auawe. Ndugu zetu wa huko hutofautisha ivangura, ambalo ni ubaguzi, na akarengane, ambalo ni kukosewa haki kwa jumla. Katika Luganda tunasema obusosoze. Ukilitamka neno ubaguzi mbele ya mtu ambaye wazazi wake walisimamishwa kwenye kizuizi, jua unasema nini.

Basi aliyekosa mkopo kwa sababu alichelewesha fomu hakubaguliwa. Aliyekosa kwa sababu ya jina lake, huyo amebaguliwa. Na ubaguzi hauhitaji chuki ili uwe ubaguzi. Unaweza kufanywa na mtu mwenye tabasamu anayefuata mazoea. Suratul Hujurat, aya ya 13, imetufundisha kwamba mataifa na makabila ni ya kujuana, na kwamba ubora mbele ya Mwenyezi Mungu ni wa uchamungu.

5. Uonevu

Hapa sarufi yenyewe ina mafunzo. Kutoka ona tunapata onea. Tunasema kumwonea mtu huruma, kumwonea haya, kumwonea wivu. Lakini ukiondoa neno la pili, ukasema tu kumwonea mtu, maana inageuka: ni kutumia nguvu zako juu ya asiyeweza kujibu. Huruma na uonevu vimetoka katika jicho moja. Umemwona mtu ni dhaifu; umechagua kufanya nini na udhaifu wake?

Uonevu hauhitaji alama ya kundi kama ubaguzi. Unahitaji mwenye nguvu na mnyonge. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayetumwa maji kila usiku na mwenzake wa chumbani anaonewa, hata kama wote ni wa kabila moja, dini moja na kijiji kimoja.

6. Dhuluma

Hili ndilo neno zito, na ndilo tunalolirusha ovyo. Katika Kiarabu, dhulm ina uwanja mpana. Wanazuoni huieleza kuwa ni kuweka kitu mahali pasipo pake, na katika Surat Luqman, aya ya 13, shirki yenyewe imeitwa dhulma kubwa. Kiswahili kimelipunguza neno hili na kulipa makali. Mtu husema: "Amenidhulumu shamba langu." "Wamemdhulumu mjane pesa zake." Ona kitenzi kinavyotaka vitu vitatu: nani amedhulumu, nani amedhulumiwa, na amedhulumiwa nini. Ukikosa jibu la tatu, huenda unatafuta neno jingine. Dhuluma hutaka haki inayojulikana, kisha mkono ulioichukua au kuizuia.

Ndiyo maana usawa na uadilifu si kitu kimoja. Chukua mambo mawili ya nyumbani. Katika mirathi, Suratun Nisaa, aya ya 11, inampa mtoto wa kiume fungu la watoto wa kike wawili, na wanazuoni wanalifungamanisha fungu hilo na wajibu wa mwanamume wa kutoa matumizi. Mafungu yanatofautiana, lakini kila mmoja amepewa haki yake iliyotajwa. Katika zawadi mambo ni kinyume. Bashir alipompa mwanawe Nu'man zawadi na kutaka Mtume, rehema na amani zimshukie, awe shahidi, aliulizwa kama amewapa watoto wake wote vivyo hivyo. Aliposema hapana, Mtume alikataa kulishuhudia jambo hilo. Kisa hiki kimo katika Bukhari na Muslim. Pale kutofautisha hakukuwa dhuluma, na hapa kutofautisha kulikuwa dhuluma.

Na kuna la tatu ambalo wengi tunalijua vijijini kwetu. Baba anafariki, kaka wanakaa, wanagawana mashamba, halafu dada anaambiwa: "Ardhi si ya wanawake, wewe utaolewa." Aya ya 7 ya sura hiyo hiyo imewapa wanawake fungu, liwe dogo au kubwa. Kwa hiyo tusiliite hilo "tofauti ya mila" wala "ukosefu wa usawa". Fungu lilijulikana, na limechukuliwa. Hiyo ni dhuluma kwa kila maana ya neno, hata kama waliolichukua wanaswali safu ya kwanza.

Neno zito lina hatari pande mbili. Mtume alipomtuma Mu'adh kwenda Yemen alimwonya aogope dua ya aliyedhulumiwa, kwa kuwa haina kizuizi kati yake na Mwenyezi Mungu. Anayelificha neno dhuluma mahali pake anamnyima mdhulumiwa hata jina la maumivu yake. Na anayemwita mwenzake dhalimu bila ushahidi amemvunjia heshima, na heshima ya mtu ni haki yake. Huyo naye amedhulumu.

7. Unyonyaji na ukandamizaji

Kwa haya nitapita haraka. Unyonyaji ni kuishi kwa jasho la mwingine, siku baada ya siku, kama mtoto anavyonyonya. Azimio la Arusha la mwaka 1967 ndilo lililolieneza sana neno hili katika siasa za Kiswahili. Tajiri akikataa kukulipa siku moja, amekudhulumu. Akipanga malipo hivi kwamba kila mwezi yeye anene na wewe ukonde, huo ni unyonyaji.

Ukandamizaji umetokana na kukandamiza, yaani kushindilia kitu chini kisiinuke. Hutaka mamlaka: sheria, askari, utawala. Usilitumie kwa mambo ya jikoni. Siku utakapokutana na ukandamizaji wenyewe, utalihitaji neno likiwa bado na nguvu.

Turudi mkutanoni

Haya ndiyo mambo matano niliyopewa na wale dada, kila moja na jina nililoona linalifaa.

La kwanza: chumba cha swala cha dada kinaingia watu 30, na dada wanaokuja Ijumaa ni zaidi ya 80. Kaka wana ukumbi mzima. Hili ni pengo, na kwa kuwa nafasi ilipaswa kuwepo, ni ukosefu wa usawa. Hakuna kati yetu aliyelipanga. Tulilikuta. Dawa yake ni kuomba nafasi.

La pili: safari za daura hutangazwa kwanza katika kundi la WhatsApp la kaka. Dada wanapopata habari, viti vya basi vimekwisha. Huu ni upendeleo. Dawa yake ni kutangaza kwa wote saa moja.

La tatu: baada ya muhadhara mmoja, maswali ya kaka waliokuwa nje yaliletwa kwa karatasi yakasomwa. Karatasi za dada hazikusomwa. Alama iliyotumika kuzitenga inajulikana. Huu ni ubaguzi, hata kama msimamizi hakukusudia.

La nne: masufuria ya futari huachiwa dada wa mwaka wa kwanza peke yao. Huu ni uonevu. Na wanaowaachia si kaka. Ni dada wa mwaka wa tatu. Neno moja kubwa, "dhuluma kwa dada", lilikuwa limelificha jambo hili kabisa.

La tano: dada walichanga pesa za zulia na pazia la chumba chao. Pesa hizo zikakodi vipaza sauti vya kongamano bila wao kuulizwa. Tuulize maswali yetu matatu. Nani? Kamati. Nani amekosa? Dada waliochanga. Amekosa nini? Pesa zao. Hii ni dhuluma.

Niliisoma orodha hiyo mbele ya kamati. Safari hii neno dhuluma lilitokea mara moja tu, na hakuna aliyelipinga. Amiri alikaa kimya kidogo, akasema: "Hili la tano si tofauti tu." Pesa zilirudishwa kwa awamu mbili, na karatasi za maswali sasa zinawekwa katika kisanduku kimoja. Chumba bado ni kidogo. Barua tumeiandika na tunasubiri jibu.

Mazoezi

Jaza nafasi kwa neno linalofaa, kisha eleza sababu.

1. Kati ya shule za mjini na za kijijini kuna ______ kubwa la vitabu na walimu.
2. Kiongozi wa bweni aliwapa wanakijiji wenzake vyumba vizuri. Huo ni ______.
3. Mwenye nyumba alikataa kumpangisha kwa sababu ya dini yake. Huo ni ______.
4. Mjomba aliuza fungu la urithi la yatima akala pesa. Hiyo ni ______.
5. Kijana mwenye nguvu humnyang'anya mdogo zamu yake bombani kila asubuhi. Huo ni ______.

Majibu: 1. pengo. 2. upendeleo. 3. ubaguzi. 4. dhuluma. 5. uonevu. Katika swali la 2, mtu akijibu ubaguzi asihesabiwe amekosa, ila ataje nani aliyenyimwa chumba na kwa alama gani. Katika swali la 5, wapo watakaosema dhuluma, kwa kuwa zamu ni haki ya mtu. Jadilianeni, na wenye hoja watuandikie.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie ndimi zisemazo kweli bila kupunguza wala kuzidisha. Tukutane toleo lijalo, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.